Maharage Matano Mfukoni Mwangu

Yafaa kwanza nieleze tulivyokuwa kabla ya Jumamosi ile. Tulikuwa watu watatu, na kwa miaka miwili tulikutana kila Jumamosi alasiri sebuleni kwangu, mtaa wa Lyamkena mjini Makambako, kucheza mchezo ambao majirani walidhani ni jumuiya ya sala, mpaka walipomwona Mwislamu akiingia. Mimi, mwalimu mstaafu wa historia, nilikuwa msimulizi: nilieleza nchi ya kubuni, mito yake na hatari zake. Wenzangu wawili kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi, akimsemea na kumwamulia la kufanya. Msafirishaji wa viazi, ndiye huyo Mwislamu, aliyehamia kwetu kutoka Singida, alikuwa na mchuuzi wa chumvi mwenye maneno mengi. Muuguzi, binti wa wakulima wa Uwemba, alikuwa na mhunzi mwanamke mwenye mguu mmoja mfupi, na alikuwa amemlea mhunzi huyo tangu siku ya kwanza.

Dadu hatukutumia. Msafirishaji alisema mapema kwamba dadu ni za kamari na hatazigusa. Basi nikashona mfuko wa kitambaa kizito, na kila jambo lisilo na hakika likaamuliwa kwa kuchomoa punje. Mahindi yalikuwa salama, maharage madhara. Mtu wa mchezo akifika ukingoni mwa kifo, mfuko ulitiwa mahindi kumi na matano na maharage matano. Mwenye mtu huyo alichomoa mara moja tu, na akitoa harage, mtu wake amekufa. Rufaa haikuwepo. Sharti hilo niliandika mimi, nao wakaliridhia.

Tulikuwa tumeachia mahali pabaya. Mhunzi alikuwa amebaki kwenye daraja la kamba akilishikilia kwa mikono ili mchuuzi avuke, na kamba ilikuwa imeanza kukatika. Ilibaki kuchomoa. Kabla hatujakutana tena, baba yake muuguzi alifariki akiwa amelazwa hospitali ya Ikonda, na mchezo ukasimama kwa majuma matatu.

Jumamosi aliyorudi, msafirishaji alifika kabla yake.

“Mwalimu, leo usimuue yule mhunzi.”

“Si mimi ninayeua. Ni mfuko.”

“Mfuko kaushona nani? Toa maharage, yaishe. Dada wa watu ametoka kuzika.”

“Na sharti?”

“Sharti halijafiwa, Mwalimu. Yeye amefiwa.”

Nilisimama na mfuko mkononi kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Kisha nikayatoa maharage matano, nikayatia kwenye mfuko wa koti langu, na mahali pake nikaweka mahindi matano, ili idadi ibaki ishirini. Hata katika udanganyifu nilitaka hesabu iwe sahihi.

Muuguzi aliingia amefunga kitenge kichwani, nywele zikiwa zimenyolewa. Tulimpa pole, akaitikia, akaketi mahali pake.

“Dada, mhunzi wako ananing’inia wiki ya tatu hii,” msafirishaji akasema. “Mikono haijafa ganzi?”

“Mhunzi hachoki, kaka. Anayechoka ni anayemsikiliza mchuuzi wako.”

Tulicheka kupita kiasi, yeye akatutazama mmoja baada ya mwingine. Nikaanza kusimulia upesi: upepo, maji yanayonguruma chini, uzi wa mwisho wa kamba. Nikamsogezea mfuko.

Akaingiza mkono. Kwa desturi yetu mtu alichomoa haraka, kama anayetoa mwiba. Yeye hakutoa. Vidole vyake, vilivyozoea kutafuta mshipa chini ya ngozi, vilikuwa vikitembea ndani ya kitambaa, nami niliviona vikienda pembe hadi pembe. Punje ya hindi ina kona. Harage ni laini. Nilitamani nimwambie achomoe. Msafirishaji alikuwa akiitazama dari.

Akautoa mkono mtupu, akaumimina mfuko mezani. Mahindi ishirini.

“Maharage yako wapi, Mwalimu?”

Nikayatoa kwenye koti, nikayaweka mbele yake.

“Nawe ulijua, kaka?”

“Dada, tuliona—”

“Ulijua.”

Hakupaza sauti.

“Kaka yangu alinipigia simu akasema baba amezidiwa, njoo. Nikapika uji, nikautia kwenye chupa. Pale stendi ya Njombe baba mdogo akanipokea: tupitie kwanza Uwemba, tukachukue nguo za mgonjwa. Njiani watu wananisalimu wanainamisha macho. Nimeingia uani nikaona turubai. Nimesimama mbele ya turubai na chupa ya uji mkononi, na aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu.” Akagusa harage moja kwa kidole. “Nikafikiri angalau hapa.”

Ndivyo tunavyofanya sote: msafiri haambiwi msiba akiwa njiani, asije akaanguka. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga simu za namna hiyo, nikajiona mtu mwema.

Alihesabu mahindi kumi na matano, akayatia mfukoni. Akatia maharage matano, moja moja, akatikisa.

“Dada, si lazima leo,” msafirishaji akanong’ona.

“Ni lazima.”

Safari hii alichomoa mara moja, akafungua kiganja juu ya meza. Lilikuwa harage jekundu.

Upepo ulitikisa bati. Msafirishaji alifunika uso kwa mikono. Muuguzi aliitazama karatasi ya mhunzi, kisha akanigeukia.

“Sasa nisimulie. Na usiniambie amezidiwa.”

“Amekufa,” nikasema.

“Vipi?”

Nikamsimulia yote bila kuruka: uzi ulivyokatika, mhunzi alivyomwona mchuuzi amefika ng’ambo, umbali alioanguka, jiwe alilogonga, na kwamba hakukawia kukata roho. Aliuliza kama mwili ulionekana. Nikasema ulionekana, na ni mchuuzi aliyeuzika. Ndipo alipolia, nasi tukakaa naye hadi alipomaliza.

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi mpya, ya mwanamke mfuga nyuki. Tangu siku ile punje huhesabiwa mezani kwa sauti, na yeye ndiye anayezitia mfukoni.