Risasi za Kumsalimu Mfalme

Kila sikukuu ya uhuru wajukuu wangu hulipua fataki uani, na harufu ya baruti inapoingia sebuleni mimi hufunga dirisha. Wao hudhani ni kelele zinazonisumbua.

Harufu hiyo niliikuta mara ya kwanza mjini Kisii, siku ya sikukuu ya mfalme wa Waingereza. Sisi watoto wa shule tuliketi kwenye nyasi zenye umande, tukingoja kuimba. Nyanya alikuwa amenisindikiza kutoka Marani, akaketi nyuma yangu.

Askari walijipanga, wakaelekeza bunduki juu, wakafyatua kwa pamoja. Nyanya alinirukia. Aliniangusha kifudifudi akanilalia, mkono wake ukaniziba mdomo. Niliusikia moyo wake ukidunda mgongoni mwangu. Pande zote watu walikuwa wakicheka.

Mwalimu wetu alikuja, naye akitabasamu. Akamwambia kwa Kikisii, "Mama, inuka. Hakuna vita. Wanamsalimu mfalme tu."

Nyanya hakuinuka. Akasema, "Hata kwetu walikuja kusalimu hivyo, nikiwa mdogo kama huyu. Mama yangu alinilalia mimi. Ndugu zangu hawakuwa na wa kuwalalia."

Mwalimu akaacha kutabasamu. Alivua kofia, akachuchumaa kando yetu, wenzangu wakaanza kuimba bila yeye.

Nilibaki chini, nyasi zikinichoma shavuni. Mpaka asubuhi hiyo nilidhani nyanya yangu alizaliwa peke yake.