Jembe la Mpangaji

Mpangaji wangu pale Iringa alikuwa akisomea udaktari wa vitabu, si wa sindano. Alishinda akipiga taipu, nami nilijua mambo yamemzidi hata kabla hajasema: jicho la kushoto lilimcheza, ukosi wa shati ukaingia mdomoni, chai ikapoa mbele yake. Hapo alisukuma karatasi pembeni, akachukua jembe langu na kuja kulima nasi wanawake. Tulimcheka, mwanaume kushika jembe! “Kwetu Rungwe matuta ni kazi ya mwanaume, mama,” alinijibu huku akilima. Siku moja profesa wake Mzungu akaja kudai sura ya mwisho, akamkuta shambani miguu mitupu. “Unacheza na udongo wakati kazi imelala!” alifoka. Jicho la mpangaji wangu likaanza kucheza. Safari hii hakutafuna ukosi. “Sura utaipata, profesa. Lakini kichwa hiki nilipewa na mama yangu, na nitamrudishia kikiwa kizima.” Akamgeuzia mgongo, akaanza tuta jingine. Wanawake tukasogea, tukampa nafasi katikati yetu.