Kilele cha Pishi

Shangazi yangu alikuwa na magunia manne ya mpunga, na mama yake mzee aliyelala chini ya makuti yanayovuja. Alitaka kitu kimoja tu: mpunga uuzwe, mabati yanunuliwe, mvua za vuli zisimkute bibi kitandani na bakuli la kukinga matone.

Mwaka ule, miaka ya hamsini, nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Kampala, na kijijini kwetu nyuma ya Bagamoyo hapakuwa na jambo nisilolitilia shaka. Nilianza na mwenye duka. Alikuwa akija nyumbani kwa kila mkulima na pishi yake, kopo la bati la kupimia nafaka, akiokota punje moja na kuiuma, kisha akijaza pishi mpaka mpunga ukafanya kilele na kumwagika pembeni. Alilipia pishi, kilele alikichukua bure.

"Huu si wizi?" niliuliza barazani, baada ya sala ya alasiri.

Jirani yetu, mzee aliyelima bonde moja na shangazi, alicheka. "Msomi, kilele ni nauli ya miguu yake. Yeye huja hapa. Wewe utakwenda sokoni Bagamoyo na lori, ulipe lori, mchukuzi na ushuru wa soko, na magunia ununue mwenyewe."

"Lakini mjini kuna mizani, babu. Mizani haina kilele."

"Mizani haina macho pia."

Shangazi alikuwa akigeuza mpunga kwenye mikeka. Alikuwa ameuanika siku nne, ingawa wengine huanika mbili. "Kumuuzia mtu mpunga mbichi ni kumuuzia maji," alizoea kusema. Aliniangalia. "Mwanangu, una hakika?"

Nilikuwa na hakika. Nilimwonyesha kwenye daftari kwamba hata tukitoa gharama zote, mabati ya chumba kizima yangepatikana.

Sokoni Bagamoyo tulipanga foleni nyuma ya mtu ambaye magunia yake yalinuka tope la bonde. Mpunga wake ulikuwa haujakauka. Mizani ikashuka kwa kishindo. Ikafika zamu yetu: magunia yaleyale kwa ukubwa, lakini mshale ulisita mapema.

"Mpunga wetu ni mkavu," nilimwambia karani. "Ukikobolewa utatoa mchele mzuri kuliko ule."

"Inawezekana," alijibu bila ukali. "Mimi napima uzito tu, kwa ratili. Bei ni moja."

Shangazi alichukua punje kutoka gunia la yule bwana, akaiuma. Haikulia. Akaitema kiganjani na kuitazama kidogo. Kuurudisha mpunga nyumbani kungekuwa nauli nyingine. Aliuza.

Mabati yalitosha nusu ya chumba. Tulihamisha kitanda cha bibi upande huo.

"Mizani imesemaje?" jirani aliuliza.

"Imesema nimekausha mno," shangazi alijibu, na wote wawili wakacheka. Mimi sikuweza.

Likizo iliyofuata nilimkuta tena kwenye mikeka, siku ya nne. "Shangazi, kwa nini usiuache na unyevu kidogo, kama wenzako?"

"Na huyo atakayeununua, ukiota ukungu, nimwambie umenituma wewe?"

Mwenye duka alifika asubuhi. Akasalimu, akauliza hali ya bibi, kisha akauma punje. Ka! Ililia kama kijiti kikavu. Akaguna, akajaza pishi, na kwa kiganja chake akakishusha kilele mpaka kikabaki kidogo mno, kama kichuguu kilichoanza jana.

"Kwa jirani ulipandisha zaidi," nilisema.

"Kwa jirani punje haikulia, bwana mdogo."

Likizo nzima ya mwaka uliopita nilikuwa nimemwona akiuma punje katika kila nyumba. Nilikuwa nimeuliza maswali mengi, hilo sikuliuliza. Shangazi alinipa gunia tupu nilishike mdomo, na nikalishika vizuri, maana nusu ya chumba ilikuwa bado makuti.