Ujumbe wa Tembo Ulivyofika Simu Zote

Mwamina Rashidy ni fundi simu wa Kilimarondo. Kazi alijifunza Nachingwea mjini kwa shemeji yake, akarudi na bisibisi sita na simu tatu mbovu. Watu walimcheka kwanza. Siku hizi wanapanga foleni.

Msimu wa mwaka jana walinzi wa mashamba walitangaziana habari za tembo kwenye kundi la mtandaoni. Kitongoji cha pili walikuwa na kundi lao kwenye programu nyingine, na makundi hayo hayakuweza kupashana habari. Wazee wenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe, hawakuwamo kokote. Siku tembo walipoingia kwenye mahindi ya Bibi Koleta, taarifa ilikuwa imetumwa saa nzima kabla. Yeye alikuwa barazani akichambua mbaazi, hana habari. Shamba likabaki mabua.

"Mwanangu, mimi hawakuniona?" alimuuliza Mwamina.

Swali lile lilimkaa rohoni. Alijua ujumbe mfupi wa kawaida hauchagui. Utoke mtandao wowote, uende simu ya aina yoyote, unafika, kwa sababu watengenezaji walikubaliana zamani namna moja ya kuuandika na kuupeleka. Programu zile hazikukubaliana. Kila moja ilijifungia kwake. Basi akachukua simu kuukuu ya kupangusa, akaiingiza kwenye makundi yote mawili, akaitafutia programu ndogo ya bure ya kusoma ujumbe unaoingia na kuusambaza kama ujumbe mfupi kwa namba zote za kijiji. Ilimchukua wiki tatu. Jaribio la kwanza lilimtumia imamu neno "habari" mara sitini, ikabidi aende kumwomba radhi.

Mwezi wa nne, saa kumi jioni, mlinzi Rogath aliandika kutoka bondeni: "Tembo saba wamevuka mto, wanakuja kwenye mahindi."

Simu kuukuu ikawaka mezani. Kisha Mwamina akasikia mlio kwenye mashine ya kusaga, ng'ambo ya barabara. Mwingine kwa muuza nyanya. Mwingine uwanja wa parokia. Milio ikaendelea kuitikiana hadi mashambani, simu za kila sura, hata zile zilizofungwa kwa mpira. Alisimama mlangoni akisikiliza.

"Imeingia!" Bibi Koleta alitokea mbio, kitochi mkono mmoja, debe mkono wa pili. "Na kwangu imeingia!"

Kijiji kizima kilikwenda kikipiga madebe. Tembo walisimama ukingoni mwa mahindi, masikio wameyatandaza. Jike kubwa likawatazama watu kwa muda mrefu, likageuka, na wengine wakalifuata kurudi msituni.

Vumbi lilipotulia Mwamina alimweleza Bibi Koleta jinsi watengenezaji wa simu walivyokubaliana zamani namna moja ya kupeleka ujumbe. Bibi aliuliza, "Hao waliokubaliana walikuwa wangapi?"

"Sijui, bibi. Wengi, wa nchi nyingi. Wengine hata hawakuwahi kuonana."

Bibi akaigeuzageuza simu kiganjani kama mtu aliyeokota yai la ndege asiyemjua.