Kabati la Baba na "Aproksimeti" Yangu

Jamani, ninyi chekeni tu, lakini mimi hadi leo nikienda Mbeya naona aibu kupita mbele ya ile nyumba.

Baba yangu alikuwa seremala pale Ipogolo. Siku niliyorudi kutoka shuleni na neno "approximate" (mwalimu wa hesabu alisema ni kipimo cha kukaribia, siyo kamili), Baba alilipenda mno. Chai tayari? "Aproksimeti!" Mama anarudi lini kutoka Kalenga? "Aproksimeti Jumapili!" Tunacheka nyumba nzima. Ila kwenye kazi hakulitaka kabisa, huko msumeno haugusi ubao kabla futi kamba haijapita.

Basi mdogo wangu Tumaini akaolewa Mbeya, Baba akamtengenezea kabati la vyombo, juu yake akachonga taji la mbao lenye maua, kazi yake nzuri kuliko zote. Mimi ndiye niliyetumwa kwa wakwe kupima sebule. Futi kamba ninayo kwenye pochi, lakini nimeshakaribishwa ndizi na nyama, nikaona uvivu kuinuka, nikaitazama dari hivi, nikapiga simu: "Baba, aproksimeti futi nane."

"Umepima?"

"Nimepima."

Siku ya kupeleka tukaingia tunacheza, vigelegele, mama mkwe mbele na kitenge kipya. Vijana wakalilaza kabati, wakaliingiza, wakaliinua, halisimami! Limegota kwenye dari. Mimi (kiherehere changu!) nikasema, "Sukumeni, litaingia tu," wakasukuma, dari ikapasuka, vumbi na mavi ya panya yakammwagikia mama mkwe kichwani. Nyimbo zikakatika. Shangazi mmoja wa upande wao akauliza kwa sauti, "Fundi gani huyu hajui kupima?"

Nikafungua mdomo niseme, Baba akanishika mkono.

"Nisameheni wakwe zangu, nimekosea mimi. Uzee huu."

Akaomba msumeno, akalikata lile taji mwenyewe, taratibu, watu wote wanamwangalia. Mama mkwe, huku anajipangusa, akasema, "Ndaga baba, asante, bado ni zuri."

Njiani nikaanza kulia. Baba akaniambia, "Nyamaza bwana, si limeenea? Aproksimeti!"

Sasa hatunaye. Lile taji tulirudi nalo, lipo juu ya mlango wangu, futi kamba yake haitoki kwenye pochi, napima hata mapazia ya majirani, na nimeapa sikisii kipimo tena maishani. Ila wanangu wakiniuliza babu alikuwa mrefu kiasi gani nanyoosha mkono juu tu, maana yeye sikuwahi kumpima.