Nyuki wa Kwenye Koti

Hebu mtazame akija Sikonge kwa baiskeli, kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma kwa mpira. Ni yule mtafiti wa vinasaba vya nyuki. Vidole vyake ni vinene, lakini humshika nyuki kama anayeokota sindano, na kabla ya kumtumbukiza kwenye kichupa cha spiriti humnong'oneza, "Samahani, bibie." Sisi humtania, "Leo bibie kakujibu nini?" Naye hutabasamu, kisha huandika namba kwenye kichupa.

Juzi mjane Gaudensia alimfungulia leso. Ndani mlikuwa na nyuki mkavu.

"Mwanangu, huyu nilimkuta kwenye koti la marehemu Mathias. Wiki aliyofariki, nyuki wake walihama wote. Sasa mzinga umejaa tena. Hicho kipimo chako kitaniambia kama ni wale wale wamerudi?"

"Kama ni ukoo ule ule, kitaonyesha, mama."

Nyuki yule hakumtia kisandukuni pamoja na wale aliowatoa kwenye mzinga wa mjane. Alimweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaondoka akiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mfuko. Ingekuwa wewe, majibu yakisema si wao, ungerudi kumwambia?