Damu ya Kupimia Damu

Kwa siku nne sikupata usingizi, nikijiuliza kama kosa liko kwenye rangi, kwenye macho yangu, au kwenye damu ya mkuu wangu.

Sasa nimestaafu. Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikapangiwa maabara ya hospitali ndogo upande wa Manyatta, Embu. Siku ya kwanza Mkuu wa Maabara alijidunga kidole, akapaka tone kwenye kioo chembamba tunachokiita slaidi.

"Digrii," alisema, na hakuwahi kuniita jina lingine, "hii ndiyo damu ya kupimia damu. Nitakutolea mpya kila asubuhi; ipake rangi. Ikitoka sawa, wagonjwa waingie."

"Wewe hutaitazama, Mzee?"

"Ya kwangu naijua. Haijawahi kunidanganya."

Nikaizoea kuliko uso wake. Seli nyekundu, duara zisizo na kiini. Nyeupe zilikuwa chache, kila moja ndani ya utando wake, imejaa saitoplazimu, ule ute wa seli, na kiini cha zambarau kimegawanyika kama punje mbili tatu za maharagwe ya njahi zilizoshikana.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, nikakuta seli nyeupe nisizozijua. Kiini kimoja kikubwa kimeijaza seli. Saitoplazimu imebaki ukingo mwembamba kama uzi. Ndani ya kiini, vidoa viwili vyeupe, kana kwamba kitu kinanitazama kutoka upande wa pili wa lenzi. Kesho yake zilikuwa zimeongezeka.

Nilibadilisha rangi, maji, hata taa. Damu za wagonjwa zilitoka safi, lakini kwa kanuni yetu damu ya Mkuu ndiyo ilikuwa sahihi, na wenye kasoro walikuwa wao. Mkuu mwenyewe alipiga miluzi mezani. Koti lilikuwa limeanza kumning'inia, na kidole alichojidunga kilichelewa kukauka.

"Digrii, rangi iko sawa?"

"Iko sawa, Mzee."

Nilijibu hivyo asubuhi nne. Ya tano nilijidunga kidole changu, nikaweka slaidi mbili bila majina, ya kwangu na ya kwake, nikamwita kwenye hadubini. Yangu aliipita haraka. Ya pili aliisogeza polepole.

"Huyu asirudi nyumbani," alisema bila kuinua kichwa. "Andika barua ya rufaa, gari limpeleke leo. Anaitwa nani?"

Nilichukua penseli, nikaandika jina lake kwenye ncha ya kioo, nikamrudishia.